Mambo Yaliyoandikwa katika Tope la Ziwa

Watu wa Keshero, wateremkapo asubuhi na bidoni zao kuteka maji, huona uso wa ziwa tu. Yaliyo chini hayaonekani, kwa maana Ziwa Kivu lina kina kikubwa mno: mahali palipo na kina kuliko pote hufika karibu mita 480. Huko chini, katika giza, liko tope. Tope hilo limekuwa likijilaza polepole tangu zamani za kale, safu juu ya safu, kama vumbi lijilazavyo juu ya sanduku lisilofunguliwa. Wenye elimu huliita mashapo. Somo hili lahusu mashapo hayo, na lawahusu wakatekumeni kwa sababu moja: mambo waliyoyatenda wanadamu yameandikwa humo, hata yale ambayo waliyatenda bila kufikiri kwamba yataonekana.

Kitu gani hushuka chini ya ziwa? Hushuka udongo uliochukuliwa na mvua kutoka milimani. Hushuka majivu ya Nyiragongo, na majani yaliyooza, na miili ya wadudu wa majini wasioonekana kwa macho. Hushuka pia moshi, maana moshi hautoweki kabisa kama watu wanavyodhani. Chembe zake huchukuliwa na upepo, kisha huangushwa na mvua, pengine mbali sana na moto uliozitoa. Vyote hivyo hutua chini, na vile vya mwaka huu hufunika vile vya mwaka jana.

Katika maziwa mengi minyoo na wadudu hulifukua tope na kulichanganya. Ziwa Kivu si hivyo. Maji yake ya juu na maji yake ya chini hayachanganyiki, na kutoka mita 60 au 70 hivi kwenda chini hakuna hewa ya kupumua. Samaki hawezi kuishi huko, wala mnyoo. Kwa hiyo hakuna wa kulivuruga tope, na safu zake hubaki nyembamba na zenye mpango, kama kurasa za kitabu kilichofungwa.

Ili kukisoma kitabu hicho, wataalamu hushusha bomba kutoka chomboni hadi chini, hulididimiza katika tope, kisha hulivuta juu likiwa limejaa. Tope la juu ni la siku hizi, na kadiri mtu ashukavyo katika bomba ndivyo arudivyo nyuma katika miaka. Lakini watajuaje safu fulani ni ya mwaka gani? Wanazo alama kadhaa. Mojawapo ni ya aibu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataifa yenye nguvu yalilipua mabomu ya nyuklia hewani kwa majaribio. Vumbi lake, ambalo ndani yake mna kitu kiitwacho seziamu, lilizunguka dunia nzima na kuanguka pamoja na mvua katika maziwa ya watu ambao hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Vumbi hilo lilifikia kilele mwaka 1963. Mwaka huohuo Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisoveti zilipatana kuacha kulipua mabomu hayo hewani, na katika Aprili ya mwaka huo Papa Yohane wa 23 alikuwa ametoa barua yake juu ya amani duniani. Basi mtaalamu akiona seziamu imezidi katika safu moja, husema: Huu ni mwaka 1963. Na ni vema Wakongo wakumbuke kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotiwa katika mabomu ya kwanza ya mwaka 1945 ilichimbwa katika nchi yao wenyewe, huko Shinkolobwe katika Katanga.

Iko habari ya kale zaidi. Kila Mkristu anaposali Kanuni ya Imani hulitaja jina la Ponsyo Pilato. Watu wengine huuliza kwa nini mtawala huyo mpagani awekwe katika sala. Jibu ni kwamba Kanisa lataka ijulikane kuwa Yesu Kristu aliteswa kweli, katika wakati maalumu, katika nchi maalumu, wala si katika hadithi. Sasa, katika siku zilezile za Pilato, Warumi walikuwa wakichimba na kuyeyusha fedha na risasi katika nchi mbalimbali, na zaidi katika Hispania. Moshi wa tanuru zao ulipaa. Mwaka 1994 watafiti walitangaza kwamba katika mashapo ya maziwa ya Sweden, mbali sana kaskazini, nchi ambayo Warumi hawakuitawala kamwe, wameona risasi iliyozidi, na ongezeko moja laonekana katika safu za wakati ule wa dola ya Kirumi. Miaka kama 2,000 imepita. Watawala wamekufa, miji yao imebomoka, lakini moshi wa mafundi wao ungali pale ulipotua.

Wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Basi watazame Ruwenzori, milima ambayo watu wa Beni huiona mawingu yakifunguka. Kule juu, upande wa Uganda, yako maziwa madogo kama Bujuku, Kitandara na Mahoma. Mengine yamo karibu mita 4,000 juu ya bahari, penye baridi kali, pasipo shamba wala kiwanda wala barabara ya gari. Kama kuna maji duniani ambayo yangetazamiwa kuwa safi, ni hayo. Watafiti walichukua mashapo ya maziwa ya milima hiyo, na mwaka 2010 wakatangaza waliyoyaona: zebaki inayoanguka huko imeongezeka tangu karne ya 19. Nani aliipeleka zebaki hiyo? Hakuna aliyeipeleka kwa mkono. Ilikwenda kwa upepo.

Zebaki ni madini mazito, meupe kama fedha, yanayotiririka kama maji. Makaa ya mawe yakichomwa katika viwanda hutoa zebaki. (Haya si makala yanayouzwa Keshero kwa magunia, bali ni yale yanayochimbwa ardhini.) Tena wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki ili kuishika dhahabu, kisha huichoma ipotee na dhahabu ibaki. Lakini haipotei. Huingia kwanza katika mapafu ya yule anayeichoma na ya watoto walio karibu naye, na iliyobaki huondoka hewani. Ikitua katika maji, hubadilika na kuingia katika samaki wadogo, kisha katika samaki wakubwa, na mwisho katika mtu. Huko Minamata, katika nchi ya Japani, kiwanda kimoja kilimwaga zebaki katika ghuba. Ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956, na watoto walizaliwa wakiwa wamekwisha kudhurika, maana mama zao walikula samaki wa ghuba ile. Mama hakuonja kitu kibaya. Sumu hiyo haina ladha katika samaki.

Hapa lazima kusimama kidogo, maana mkatekumeni mwenye akili atauliza swali, na swali lake ni la haki. Je, milima ya moto haitoi zebaki? Watu wa Goma wanajua moshi wa Nyiragongo kuliko watu wengine wote. Wameona mlima ukipasuka mwaka 1977, na mwaka 2002 moto wake ukapita katikati ya mji mpaka ukaingia ziwani, na tena mwaka 2021 ukatiririka hadi kukaribia mji. Kweli, milima ya moto hutoa zebaki tangu mwanzo wa dunia. Ndiyo sababu wataalamu huzichungulia safu za chini kabisa, za kabla ya viwanda vikubwa, ili wajue kipimo cha zamani. Kile kilichozidi juu ya kipimo hicho ndicho cha wanadamu. Katika maziwa mengi ya mbali duniani zebaki ya siku hizi ni kama mara tatu ya ile ya kabla ya viwanda.

Swali: Je, mlima wa moto ukichafua maji umetenda dhambi?

Jibu: Hapana. Mlima hauna akili wala hiari. Mwenye akili na hiari peke yake ndiye awezaye kutenda dhambi.

Swali: Je, kila mtu aliyechafua maji ametenda dhambi?

Jibu: Si kila mtu. Ili dhambi iwe ya mauti lazima jambo liwe zito, mtu ajue kwamba ni baya, na akubali kwa hiari yake. Yakipungua hayo, hatia hupungua. Lakini madhara hayapungui.

Maneno hayo ya mwisho yashikwe sana. Fundi wa Kirumi hakujua kitu juu ya maziwa ya Sweden, wala Mungu hatamdai asichokijua. Lakini risasi yake ni ileile. Tope halimpunguzii mtu kwa sababu alikuwa mwema au mjinga, lapokea tu. Kupima hatia ni kazi ya Mungu na ya dhamiri iliyofundishwa, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kitabu cha tope na kitabu cha Mungu.

Ziwa Kivu lenyewe laonyesha tofauti hiyo vizuri. Mwaka 1959 samaki wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika na kutiwa humu. Ndio sambaza, ambao leo huuzwa Kituku na kulisha nyumba nyingi. Walioleta samaki hao walitaka watu wapate chakula, nao wakapata. Lakini sambaza walikula wadudu fulani wa majini mpaka aina moja kubwa ikatoweka. Wataalamu waliposoma mashapo ya Kivu waliona kwamba katika miaka ya 1960 tope lilibadilika ghafula: chokaa nyeupe ilianza kuonekana katika safu zake, na udongo wa milimani ukaongezeka. Wakataja sababu zaidi ya moja: hao samaki, na watu waliozidi kuwa wengi kando ya ziwa wakifyeka misitu na kulima miteremko, na maji ya chemchemi zilizo chini ya ziwa. Hawakumtwika sambaza lawama yote, na walifanya vema. Sababu moja peke yake ni nadra katika mambo ya dunia hii.

Kisha ulikuja mwaka 1994. Katika siku chache za Julai mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma wakitoka Rwanda. Ardhi ya Goma ni mwamba wa moto uliopoa. Mtu hawezi kuchimba choo wala kaburi kwa jembe. Watu wakajisaidia mahali walipo, wakanywa maji yaliyo karibu nao. Kipindupindu na kuhara damu vikawaangamiza, na karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Nani athubutu kumlaumu mama aliyekimbia na mtoto mgongoni kwa sababu hakuwa na choo? Hapo uchafu haukuwa dhambi ya mnyonge. Dhambi ilikuwa ya wale walioanzisha mauaji na kuwatawanya watu.

Basi leo ikoje? Katika Keshero mwamba ni uleule. Shimo la taka ni kazi ngumu, na maskini hana fedha ya kumlipa mchukua taka. Hayo yasemwe wazi, kwa maana wako wahubiri wepesi wa kumkemea mwenye ndoo moja, nao hunyamaza mbele ya mwenye lori. Anayemwaga mafuta machafu ya gari katika mfereji uendao ziwani, hali anajua kwamba watu wanateka chini yake. Anayelipwa kuondoa taka za nyumba ishirini, naye huzitupa usiku penye maji. Mfanyabiashara auzaye zebaki kwa wachimbaji bila kuwaambia kwamba ni sumu: hao wana jambo zito, wanajua, na wamekubali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2415, huweka utunzaji wa viumbe chini ya amri ya saba, ile ya kutoiba, kwa kuwa vitu hivyo ni mali ya watu wote, pamoja na wale ambao hawajazaliwa. Anayeharibu maji ya jirani amemwibia. Na kama jirani akifa kwa maji hayo, amri ya tano nayo imeguswa.

Nabii Ezekieli alilisema jambo hili zamani, katika sura ya 34. Anawaonyesha kondoo wenye nguvu wanaokunywa maji safi, wakisha kunywa huyavuruga kwa miguu yao, na kondoo wanyonge hulazimika kunywa yaliyobaki. Yeyote aliyesimama katika foleni ya maji kando ya ziwa, na kuwaona watu wakitiwa klorini katika bidoni zao ili wasipate kipindupindu, hahitaji kufafanuliwa maneno hayo.

Yako matupio mengine ambayo si sumu kali, lakini hayaozi. Chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa pande zote za ziwa huchukuliwa polepole na maji mpaka Bukavu, ambako Ruzizi hutoka kwenda Tanganyika. Huko kuna mitambo ya umeme iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Plastiki zimeiziba mara nyingi, na wafanyakazi hulazimika kuziopoa ili umeme usikatike. Mtu aliyetupa mfuko Keshero hakukusudia kuzima taa ya mtu wa Bukavu. Lakini sasa amekwisha kusikia.

Wakatekumeni wengi hufurahi, nao wana haki ya kufurahi, wakifundishwa kwamba Ubatizo huondoa dhambi zote, ile ya asili na zile alizozitenda mtu mwenyewe. Hakuna inayobaki. Hata hivyo wako wanaofikiri kwamba pamoja na dhambi, madhara yake nayo yameondoka, na kwamba mtu aliyebatizwa hana deni tena kwa mtu. Hilo ni kosa. Zebaki iliyoshuka ziwani juzi haipandi juu kwa sababu aliyeimwaga amebatizwa leo. Aliyeiba mbuzi akabatizwa amesamehewa wizi, lakini mbuzi ni wa mwenyewe, na lazima arudi kwake. Zakayo wa Yeriko, katika sura ya 19 ya Injili ya Luka, alipompokea Yesu nyumbani mwake hakungoja kuambiwa. Alisimama, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na wale aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Ndipo Yesu alipotangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Wokovu haukumwondolea Zakayo kazi ya kurudisha. Ulimpa nguvu ya kuifanya.

Kurudisha kwawezekanaje pale ambapo kilichoharibiwa ni ziwa? Hakuna awezaye kushuka mita 400 akalifua tope. Safu zilizolala zimelala. Ile ya mwaka huu ndiyo ingali wazi, kwa maana bado inashuka. Wanavikundi wanaweza kuchangia pipa na mchukua taka mmoja aliye mwaminifu, na kumfuata siku moja waone anazitupa wapi. Salongo inaweza kusafisha mfereji kabla ya mvua, wala si baada yake. Wenye mashamba milimani wanaweza kupanda majani na miti kwenye kingo, ili udongo ubaki shambani, jambo ambalo ni faida yao wenyewe kabla ya kuwa faida ya ziwa. Fundi wa magari anaweza kukusanya mafuta machafu katika pipa. Na mambo yaliyo makubwa kuliko nguvu za kijiji, kama biashara ya zebaki, yapaswa kusemwa mbele ya wakubwa bila matusi na bila woga. Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba ya wote, aliviunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini, maana alijua kwamba anayekunywa maji machafu kwanza si tajiri.

Siku ya Ubatizo, Kanisa lataka maji ya kweli, nayo yawe safi. Haliagizi maji ya ng'ambo. Maji ya Kivu yanatosha, kama yatakuwa safi.

Wale wanaosema kwamba mambo haya hayawezi kubadilika wasikie habari ya petroli. Tangu miaka ya 1920 risasi ilitiwa katika petroli ya magari ili injini ziende vizuri. Ilitoka kwa moshi katika miji yote ya dunia, ikadhuru akili za watoto, ikashuka katika maziwa. Waliouza walitetea biashara yao kwa miaka mingi. Kisha nchi moja baada ya nyingine ikaikataza. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilimaliza kuiacha mwanzoni mwa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021. Wataalamu waliposhusha tena mabomba yao katika maziwa ya Ulaya na Marekani, walikuta risasi nyingi katika safu za miaka ya 1960 na ya 1970. Juu yake, katika tope laini la miaka iliyofuata, risasi ilikuwa inapungua.